Wazee wa taarabu wakutana tena Kisauni

YA KALE ni dhahabu, ndivyo tusemavyo sisi watu wa pwani. Lakini ni nadra mtu kujiuliza dhahabu hiyo i mikononi mwa nani, na mwenyewe akishazeeka hutendewa nini.

Swali hili lilinijia mwezi wa Shaabani mwaka 2023, huko Kisauni, katika arusi moja ambayo watu walianza kuizungumza wiki mbili kabla ya siku yake. Haikuwa kwa ajili ya pilau wala ya bwana arusi. Baba yake bi arusi alikuwa ametoa ahadi ambayo wengi waliiona kuwa ni ndoto: kwamba atalikusanya tena kundi moja la taarabu lililovunjika mwaka 2004, na kwamba wazee hao watapiga usiku mmoja, kisha basi.

Jina la kundi hilo sitalitaja, kwa kuwa wenyewe waliniomba nisiwatie gazetini. Yatosha msomaji ajue kwamba lilikuwa moja katika vikundi vile vya miaka ya tisini vilivyokuwa vikialikwa arusini kutoka Likoni hadi Changamwe, na kutoka Kongowea hadi Bamburi, na ambavyo kaseti zake ziliuzwa mkononi kabla hazijafika dukani.

ZAMA ZA MAJABALI

Ni kweli kwamba kundi hili lilikuwa dogo mbele ya majabali wa wakati huo. Mombasa ilikuwa na Profesa Juma Bhalo, bingwa wa kutia maneno mazito ya Kiswahili katika sauti za filamu za Kihindi. Ilikuwa na Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, ambaye udi wake ulisikika kana kwamba unasema. Walikuwako Maulidi Juma na Zuhura Swaleh, waliokuwa wakizichangamsha arusi hadi alfajiri, na Malika, ambaye sauti yake ilivuka mipaka. Baadhi ya nyimbo za Mombasa za miaka ya 1965 hadi 1975 zilikuja kutolewa upya huko Ufaransa katika mfululizo wa santuri uitwao Zanzibara, na leo wageni wanazinunua.

Lakini arusi ni nyingi na majabali ni wachache. Mtu wa kawaida wa Mtongwe au wa Magongo, ambaye hakuwa na uwezo wa kumwita Profesa, alikwenda kuwaita vijana hawa wa kundi dogo. Mimi ni mmoja wao. Mwaka 1996 nilipooa, wao ndio waliopiga nyumbani kwetu Mtongwe. Nakumbuka bomba mbili zilizofungwa juu ya mnazi, mikeka iliyotandikwa uani, na akina mama upande wa pili wa pazia wakiitikia kuliko wanaume. Wimbo mmoja waliouimba usiku ule, mama watoto wangu hadi leo huuimba akichagua mchele.

Basi niliposikia kwamba watakutana tena, nilifurahi kama mtoto. Mama watoto alinambia, “Mwambie yule mwimbaji atuimbie wetu ule. Usirudi bila ya kumwambia.”

MTU WA LIKONI NA MTU WA CHANGAMWE

Kuwakusanya wazee hao hakukuwa jambo jepesi. Mji wetu una ng'ambo tatu, na kila mmoja wao alikuwa ng'ambo yake. Mpiga kinanda yuko Likoni, na kuja Kisauni wakati huo ilimbidi avuke feri, akate kisiwa chote, kisha apite Daraja la Nyali. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1980, nalo ndilo lililowawezesha vijana hao wakati wao kufanya mazoezi Kongowea usiku na kurudi makwao, kwa kuwa lile la zamani lililoelea juu ya maji lilikuwa jembamba na lenye foleni. Mpiga tashkota yuko Changamwe, naye anaingilia Makupa. Mpiga dumbaki na bongo hakuhama Kongowea. Mwimbaji ana nyumba yake Mtopanga.

Umbali wa njia ni kitu kidogo. Umbali mkubwa ni ule wa maisha. Mpiga tashkota alikuwa ameuza ala yake miaka mingi nyuma, ikabidi aazimwe nyingine. Mpiga dumbaki ana mkono unaomtetemeka. Na mpiga kinanda ana maradhi ya sukari, amekatwa vidole viwili vya mguu, na dawa zake za mwezi zinamshinda.

Hapa ndipo msomaji atakapoielewa nia ya yule baba wa bi arusi. Aliwaambia wazi, “Arusi ni ya binti yangu, lakini tunzo zote za usiku huu ni za mpiga kinanda.” Katika taarabu yetu, msikilizaji akiguswa na beti huinuka, akaenda kumtunza mwimbaji kwa noti. Mwimbaji akiwa hodari, noti huwa nyingi. Kwa hiyo kila mtu aliona kwamba mwimbaji akiimba, mgonjwa atapata dawa.

Tatizo lilikuwa moja. Mwimbaji alikuwa ameacha kuimba.

“MWANITAKA MIMI, AU UJANA WENU?”

Nilitumwa mimi na jamaa mwengine kwenda kumwomba. Tulimngojea nje ya msikiti baada ya Magharibi. Alitoka polepole, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, akatukaribisha barazani kwake kwa kahawa na tende.

“Ami,” nilimwambia, “hatukutaki uimbe usiku kucha. Wimbo mmoja tu, ule uliotuimbia Mtongwe mwaka 1996.”

Alicheka. “Una wajukuu wewe?”

“Bado, lakini nina binti wa kuozwa.”

“Haya, nambia kweli. Mwanitaka mimi, au mwautaka ujana wenu?”

Sikuwa na jawabu. Kisha akatueleza kwa upole kwamba alipokwenda Makka mwaka 2005 alimwahidi Mola wake jambo, na kwamba ahadi ile hawezi kuirudisha nyuma kwa ajili ya arusi ya mtu, hata akimpenda vipi. Hakumlaumu anayeimba. Alisema, “Wenzangu wana hoja zao, na mimi nina ahadi yangu.”

Jamaa yangu, kwa kutaka kumbana, akamwambia, “Na rafiki yako mpiga kinanda je? Wewe ukikataa, yeye ndiye atakayeumia.”

Mzee yule akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, “Hapo ndipo ulipo mtihani wangu,” akasimama kwenda kutia udhu kwa ajili ya Isha. Nilirudi nikiona haya, kwa kuwa tulikuwa tumelitumia jina la mgonjwa kama chambo.

WALIOACHA NA WALIORUDI

Mtihani huo si wake peke yake. Hitilafu juu ya ala za muziki ni ya tangu kale baina ya wanavyuoni, na gazeti si mahali pa kuikata. Lakini yafaa tuwatazame watu waliofikwa nayo.

Profesa Juma Bhalo alistaafu uimbaji mwaka 2007, naye alifariki mwaka 2014. Miaka ile saba wapenzi wake hawakukoma kutamani walau usiku mmoja zaidi. Hata hivyo, mapenzi yao kwake hayakupungua. Kaseti zake zilizidi kupigwa, na hata walipokuja vijana wa simu za mkononi walizitia humo.

Huko Tanzania, Mzee Yusuf, mzaliwa wa Zanzibar na kiongozi wa Jahazi Modern Taarab lililoanzishwa mwaka 2006, alitangaza mwaka 2016 kwamba anaacha muziki na kushika ibada. Alikuwa wakati huo kileleni. Watu wengi walimwombea dua. Mwaka 2020 alirudi jukwaani, na hapo maneno yakawa mengi kote pwani, yakavuka Tanga yakaja hadi Likoni. Waliomsifu mwanzo wakamtia makosani, na waliomkosa miaka minne wakajaa ukumbini. Katika makelele yale, ni wachache waliomtazama kama mtu mwenye nyumba na watoto wa kulisha. Tulimtaka awe walii au awe mfalme wa taarabu.

Hata Uingereza jambo kama hilo lilitokea. Mwimbaji mashuhuri Cat Stevens alisilimu mwaka 1977, akajiita Yusuf Islam, na mwaka 1979 akaliaga jukwaa na kuziuza gitaa zake kwa ajili ya sadaka. Kwa zaidi ya miaka 20 hakutoa santuri ya nyimbo za namna ile ya zamani. Mwaka 2006 alirudi na santuri mpya, akisema maneno ya kheri kwa sauti ile ile waliyoizoea watu. Wako Waislamu waliofurahi na wako waliosikitika. Yeye aliamua mwenyewe kuacha, na aliamua mwenyewe kurudi, kwa wakati wake.

Nadhani hapo ndipo penye funzo. Mtu anaporudi jukwaani kwa hiari, huwa ni neema kwake na kwa wasikilizaji. Anaposukumwa na watu wanaokumbuka ujana wao, wimbo huwa ni deni analolipishwa bila ya kukopa.

UZEE BILA YA MKATE

Lakini nisimdhulumu yule anayerudi kwa kutaka mkate. Wanamuziki wetu hawana malipo ya uzeeni. Kaseti ziliponakiliwa ovyo mitaani, fedha ziliingia mifukoni mwa wanakilishaji. Mtu aliyeimba katika arusi 1,000 huweza kuzeeka bila ya kitanda kizuri.

Mwaka 1993, huko Dar es Salaam, shirika la HelpAge linaloshughulika na wazee lilisaidia kuwakusanya wanamuziki wakongwe waliokuwa wamesahauliwa, wengine bila ya hata ala. Wakaunda bendi, na jina lake likawa ndilo heshima yenyewe: Shikamoo Jazz. Alikuwamo Salum Zahoro wa Kiko Kids ya Tabora. Bi Kidude wa Unguja aliimba nao, na hata mzee wetu Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 katika pwani hii ya Kenya, alipanda jukwaani pamoja nao. Wazee ambao mitaani walikuwa wakipitwa bila ya salamu walikwenda kushangiliwa Ulaya. Fundi Konde alifariki mwaka 2000 na Bi Kidude mwaka 2013, lakini waliondoka wakijua kwamba hawakusahauliwa.

Senegal nako, nchi ya Waislamu wengi, Orchestra Baobab ya Dakar ilivunjika katika miaka ya themanini, watu wakaiona kuwa imepitwa na wakati. Mwaka 2001 wazee wale walikutana tena, na santuri waliyoitoa mwaka 2002 ikawapa sifa kuliko walizozipata ujanani.

Kwa hiyo kukutana tena si jambo baya. Ubaya ni pale tunapowakumbuka wazee kwa usiku mmoja wa furaha yetu, asubuhi tukawaacha wavuke feri peke yao.

USIKU WENYEWE

Usiku wa arusi ulifika. Baada ya Isha uwanja ulikuwa umejaa. Vijana walipanda juu ya kuta, na wenye simu walikuwa wameziinua kabla hata ya kinanda kufunguliwa. Wazee watatu walikaa mahali pao. Mpiga kinanda aliletwa kwa kigari cha magurudumu, akahamishiwa kitini, akaweka vidole juu ya vibao. Walipoanza, nakwambia msomaji, walikuwa wabovu. Dumbaki ilikwenda njia yake na tashkota yake. Watu wakatazamana. Ilichukua kama robo saa, kisha ghafla kitu kikakaa mahali pake, kama mlango mzito unapoingia katika fremu yake, na uwanja mzima ukapiga kelele.

Mahali pa mwimbaji alikaa kijana mmoja wa Bombolulu, umri wake hauzidi miaka 25. Sauti anayo, na nyimbo za kundi hilo alijifunza kutoka katika simu, kutoka katika kaseti zilizonakiliwa mara 10 hadi maneno yakachujuka. Alipoanza wimbo wetu, ule wa Mtongwe, nilisikia kigelegele kimoja upande wa akina mama nikakijua ni cha nani.

Beti mbili zilikwenda salama. Katika beti ya tatu, mahali penye neno “shufaka” kijana aliimba “shaka”, akalivuta neno ili mizani itimie. Wengi hawakugundua. Lakini msomaji mjuzi wa mashairi ataona hasara yake: wimbo ambao mume anamshukuru mkewe kwa huruma uligeuka kuwa wimbo wa mume anayemtuhumu mkewe. Nilimwona mpiga kinanda akifumba macho.

Hapo nikamwona mtu mmoja akiinuka nyuma kabisa, karibu na chupa za kahawa. Alikuwa ni yeye, mwimbaji wa zamani, na kanzu yake ile ile. Hakuna aliyemwona akiingia. Uwanja ukanyamaza kwa kudhani kwamba anakwenda kushika kipaza sauti, na simu zote zikamgeukia.

Hakukishika. Alipita nyuma ya wapigaji, akakaa mkekani mgongoni mwa yule kijana, akamnong'oneza sikioni: “Si shaka, mwanangu. Ni shufaka. Rudia.”

Kijana akarudia. Na tangu hapo hadi mwisho wa wimbo, mzee alikuwa akimsomea kila mshororo kwa sauti ya chini, kama maalim anavyomsomea mwanafunzi chuoni, na kijana akiuimba. Kulikuwa na beti mbili ambazo hazimo katika kaseti yoyote, nasi wengine hatukuwa tumezisikia tangu wakati ule. Mzee hakuimba hata neno moja.

Wimbo ulipokwisha, akasimama kwa taabu, akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akaenda kumtilia rafiki yake mpiga kinanda ndani ya mfuko wa kanzu. Walishikana mikono wakanong'onezana. Waliyosemezana ni yao. Kisha mzee akachukua fimbo yake akaondoka.

Baada ya hapo wanaume walisimama mstari. Kofia iliyowekwa kupokea tunzo ilijaa ikamwagwa katika mfuko, ikajaa tena. Kutoka upande wa akina mama zikaja pete mbili za dhahabu zilizofungwa katika leso.

BAADA YA MUZIKI

Tulivuka feri usiku wa manane, mimi na mama watoto, tukiwa na mpiga kinanda katika gari moja. Yeye alilala njia nzima. Mama watoto aliniuliza kwa sauti ndogo, “Yule aliyekuwa akimsomea ndiye?”

“Ndiye. Ulimwona?”

“Pazia lilikuwapo. Nilimjua kwa zile beti mbili. Hakuna mwengine anayezijua.”

Nilitafakari kwamba miezi ile yote tulikuwa tukiitaka sauti ya mzee yule, na sauti ndiyo kitu ambacho kaseti zimekihifadhi. Kilichokuwa karibu kupotea ni maneno, na hayo alikuwa tayari kuyatoa bure, lakini hakuna aliyekuwa amemwomba.

Wako wazee wa namna hii Likoni, Changamwe na Kisauni. Mwenye uwezo na awasaidie dawa wangali hai, asingoje kuchangia sanda. Na kijana anayependa nyimbo zao aende akapige hodi mchana, kabla hajatafuta kipaza sauti usiku.

Kijana wa Bombolulu amekwisha fanya hivyo. Wiki moja baada ya arusi alikwenda Mtopanga akiwa na daftari la kurasa 200. Mzee alimtazama, akalitazama daftari, akamwambia, “Kuimba hapana. Kuandikisha, njoo kila siku baada ya Alasiri. Na hilo daftari ni dogo.”